Kabla hujajisajili, uliza pesa inatoka mfukoni mwa nani

Ujumbe ninaotumiwa huwa unafanana: “Shikamoo dada, kuna hii ya kujibu maswali unalipwa, naomba uniangalizie kama ni ya kweli.” Chini yake kuna linki, na mara nyingi skrinshoti ya mtu anayeonyesha salio lake. Wanaoniuliza wanajua kwamba nimejibu madodoso ya kulipwa kwa miaka kadhaa, na kwamba nimelipwa kweli, mara nyingi vocha, mara chache pesa ya simu. Kwa hiyo sisemi kwamba zote ni utapeli. Zipo za kweli, ingawa kati ya linki ninazotumiwa za uongo ndizo nyingi. Na sizitambui kwa uzuri wa tovuti wala kwa idadi ya watu kwenye kundi la Telegram. Swali langu la kwanza ni moja: hiyo pesa utakayolipwa inatoka mfukoni mwa nani?

Kwenye utafiti wa kweli, jibu linapatikana kirahisi. Kuna kampuni ya sabuni inataka kujua kwa nini akina mama wameacha kununua kifungashio chake kidogo. Kuna kituo cha redio kinataka kujua kipindi chake cha asubuhi kinasikilizwa na nani. Kuna shirika linataka kujua kaya zinakula milo mingapi. Wote hao hawawezi kuzunguka nyumba kwa nyumba wenyewe, kwa hiyo wanailipa kampuni ya utafiti kama Ipsos au GeoPoll, nayo inatenga kasehemu kadogo kwa ajili ya anayejibu. Hapo wewe ndiye unayeuza. Unauza dakika zako na maoni yako, na mnunuzi yupo kabla yako. Sijawahi kuona muuzaji akitozwa kiingilio ili anunuliwe.

Ndiyo maana ada yoyote, hata ikiwa ya shilingi elfu mbili, kwangu inamaliza mjadala. Wanaibadilisha majina: ada ya usajili, ya kuamsha akaunti, ya mafunzo, dhamana inayorudishwa, “kodi” ya kutoa pesa. Jina lisikusumbue. Ukiona wewe ndiye unayetangulia kutoa, basi huyo mnunuzi wa maoni hayupo. Pesa ya aliyetangulia inalipwa na aliyefuata, na huo ni upatu, ambao kwa sheria zetu za Tanzania ni kosa la jinai.

Haya tumeyaona wenyewe. Mwaka 2009 DECI, taasisi iliyowaambia watu “wapande mbegu” ya pesa ili wavune zaidi, iliacha maelfu ya watu wakiulizia pesa walizoahidiwa kuvuna, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu. Kizazi cha sasa kikadhani yale yalikuwa mambo ya wazee, hadi LBL ilipokuja na sura ya simu janja: unaweka pesa, unapanda daraja, unalipwa kwa kutazama vionjo vya filamu. Februari 2025 polisi wakawakamata watu waliokuwa wakiiendesha. Kilichobadilika ni vazi tu. Mbegu za DECI, filamu za LBL, na hayo madodoso unayotumiwa leo yanakaa mahali pamoja katika mpango huo: ni shughuli ya kukufanya uone kuna kazi inafanyika, wakati kazi halisi ni kuleta watu wengine.

Sasa kuna alama moja ambayo watu wengi wanaielewa kinyume, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Tovuti ya kweli inakukataa.

Utafiti unatafuta watu wa aina fulani, kwa idadi fulani. Unaanza kuulizwa mwaka wa kuzaliwa, jinsia, wilaya, kama unatumia bidhaa fulani au kama una akaunti benki. Halafu ghafla: asante, kwa sasa huhitajiki. Pengine walitaka wanawake wa Mwanza wenye watoto wadogo, na wewe ni kijana wa Mbeya. Pengine walitaka watu kama wewe lakini nafasi zimejaa asubuhi ile ile. Inaudhi, hasa ukishatumia bando, na hakuna siku nimeizoea. Lakini inathibitisha kwamba upande wa pili kuna mtu anayehitaji jibu sahihi kutoka kwa mtu sahihi. Tapeli hamkatai mtu. Kwake kila aliyejisajili anafaa, kila siku kuna dodoso jipya, na hakuna aliyekosa sifa, kwa sababu majibu yako hayaendi popote.

Angalia na maswali yenyewe. Ya kweli yanachosha: ni aina gani ya mafuta ya kupikia ulinunua mara ya mwisho, ulinunua duka gani, kifungashio cha ukubwa gani, uliwahi kuona tangazo lake wapi. Katikati utakutana na swali la kukupima kama unasoma, kwa mfano “chagua jibu la tatu,” na ukikosea unaondolewa. Ya uongo ni matano, ya ndiyo na hapana: Unapenda mpira? Unatumia simu? Je, chai ni nzuri? Kisha salio linapanda kwa elfu tano. Jiulize ni kampuni gani duniani itatoa elfu tano kujua kwamba unapenda chai.

Hapo pia ndipo kiasi kinaposema ukweli. Nilichozoea ni shilingi mia tano, elfu moja, pengine zaidi kidogo dodoso likiwa refu, na halafu kimya cha wiki kadhaa. Kwa madodoso ya SMS yaliyo makini, kujibu hakukukati salio na vocha inaingia kwenye laini yenyewe uliyojibia, bila kukuomba lolote. Hiyo ni hela ya bando. Mtu anayekuambia utaacha kazi ya kibarua uishi kwa madodoso hakuambii ukweli, hata kama tovuti anayokuonyesha ni halali. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nawaona vijana waliomaliza chuo, hawana ajira, wakiweka matumaini ya kodi ya nyumba kwenye kitu ambacho kwa asili yake hakiwezi kubeba kodi ya nyumba.

Na tafiti bora kabisa mara nyingi huwezi hata kuziomba. Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa shirika la Twaweza ulioanza mwaka 2013, ulizichagua kaya kwa sampuli, ukazipa simu na chaja ya sola, kisha ukawa unawapigia wahusika kuwauliza kuhusu shule, maji, huduma za afya. Huwezi kununua nafasi pale, na hakuna “balozi” wa kukuingiza. Kwa hiyo ukiambiwa kuna orodha ya siri ya utafiti wa serikali au wa shirika kubwa na jina lako litaingizwa kwa ada ndogo, umeshajibiwa.

Tuje kwenye kutoa pesa, maana hapo ndipo wengi wanapigwa. Ushauri wangu: ukijiunga na tovuti mpya, usirundike salio. Fika kiwango cha chini cha kutoa, toa hapo hapo, uone. Soma kwanza kiwango hicho ni kipi. Tovuti inayokulipa senti chache kwa dodoso halafu inataka ufikishe dola hamsini ndipo utoe, hata ikiwa si ya kitapeli, imepangwa ili uchoke njiani. Angalia pia njia ya malipo kabla hujajibu swali hata moja. Kwa muda mrefu akaunti za PayPal za Tanzania zimekuwa za kulipia tu, si za kupokelea, tofauti na wenzetu wa Kenya wanaoweza kupokea na kuhamishia M-Pesa. Watu wamefanya kazi halali kwenye tovuti halali, wakafika mwisho wakakuta hakuna mlango wa kutokea.

Lakini malipo ya kwanza yasikulaze. Kuna utapeli unaoanza kwa kukulipa. Unatafutwa WhatsApp na namba usiyoijua, mara nyingine ya nje, unaambiwa upende video au uipe hoteli nyota, na kweli unatumiwa elfu tatu, elfu tano. Kesho unahamishiwa Telegram, kesho kutwa unaambiwa kazi za leo ni za “malipo ya awali”: weka elfu ishirini urudishiwe thelathini. Unarudishiwa. Halafu laki. Hapo ndipo salio linakwama, na kila ukitaka kulitoa kuna kiasi kingine cha kulipa kwanza. FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, ilipokea malalamiko kama 5,000 ya utapeli wa namna hii mwaka 2023, na kama 20,000 katika nusu ya kwanza tu ya 2024. Zile elfu tano za mwanzo ni gharama yao ya biashara. Kwa hiyo “lakini mimi walinilipa” si ushahidi. Ushahidi ni kuendelea kulipwa bila kuombwa kuweka hata mara moja.

Kuhusu vyeti: cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kinaonyesha kwamba kampuni imesajiliwa, basi. Hakiipi ruhusa ya kukusanya pesa za watu kwa ahadi ya faida. Hiyo ni leseni nyingine, ya mamlaka nyingine. Picha ya cheti na TIN ikibandikwa kwenye kundi kila asubuhi, mimi wasiwasi unaongezeka. Kampuni za utafiti ninazozijua hazijawahi kunionyesha cheti bila kuulizwa. Angalia umri wa tovuti kwenye lookup.icann.org, ni bure: kama wanasema wapo tangu 2015 na anwani imesajiliwa miezi mitatu iliyopita, funga. Programu ikitaka uipakue kwa linki badala ya Play Store, achana nayo.

Taarifa zako nazo ni mali. Dodoso la kweli linaweza kukuuliza umri, wilaya, kipato chako kiko kati ya ngapi na ngapi, na litakuacha uruke swali usilolitaka. Halihitaji namba yako ya siri wala zile tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwa SMS. Picha ya kitambulisho cha NIDA pamoja na uso wako ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu kwa hivyo viwili mtu anaweza kujaribu kukopa kwa jina lako. Zipo tovuti kubwa za nje zinazothibitisha utambulisho kwa sababu za msingi, ila hufanya hivyo kupitia mfumo wao wenyewe, kamwe si kwa kumtumia “admini” picha WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume yake. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amejisajili huko, na wewe una haki ya kujua zinatumikaje. Waulize. Wa kweli hujibu.

Kisha kuna biashara ya kuuziana akaunti. Tovuti kama Swagbucks zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa Marekani na nchi chache, na Prolific, iliyoanzia Oxford mwaka 2014, imekuwa ikichukua washiriki hasa kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwa hiyo anatokea mtu anakuuzia “akaunti ya Marekani” pamoja na VPN, programu ya kuficha kwamba uko Tanzania, laki moja au zaidi. Usinunue. Siku ya kutoa pesa wanataka kitambulisho na uso wa mwenye akaunti, na wewe si yeye. Aliyekuuzia anaweza pia kuirudisha mikononi mwake muda wowote. Ulinzi wa tovuti hizi unazidi kukazwa: Aprili 2025 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki watu wanane kwa kuuza majibu ya kubuni ya tafiti, kwa malipo ya kama dola milioni 10. Na ukiacha hasara, majibu ya kijana wa Tandika anayejifanya mama wa Texas yanaharibu utafiti ambao pengine unahusu dawa au chakula cha watu.

Kama pesa imeshaenda, usitume nyingine ya “kufungua” ile ya kwanza. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, maana dakika za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kuzuia muamala. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, kisha ripoti polisi ukiwa na jumbe zote; usizifute kwa aibu. Kama ulituma namba ya NIDA, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Atakayejitokeza baada ya hapo akisema ni wakili au mtaalamu wa kurudisha pesa zilizoibiwa mtandaoni, kwa ada, mara nyingi ni wale wale.

Na kama ulishawaalika shemeji, jirani, au watu wa kikoba, wapigie wewe mwenyewe leo. Watakasirika. Ila aliyeweka elfu hamsini jana bado hajaweka laki tatu.