Bando la nyumbani linaliwa na nani?

SWALI
Assalaam alaykum. Nyumbani tunatumia ruta ya laini ya simu. Jumatatu niliingiza bando la GB 20, ambalo kwa kawaida hutufikisha mwisho wa mwezi: binti yangu anasomea mambo ya skuli, mimi natuma barua pepe za kazi, na jioni tunazungumza na baba yao aliyeko Oman. Alhamisi asubuhi hakuna kitu, limekwisha. Hakuna aliyeangalia filamu. Kilichobadilika ni kimoja tu: tumenunua kompyuta mpakato ya pili, iliyotumika, nayo ililala mezani usiku inachajiwa. Kuna jirani anatuibia waifai?
Mama wa watoto watatu, Limbani, Wete

JAWABU
Waalaykum salaam, mama. Jirani msimshuku kwanza. Maelezo yako yote yanaelekea kwenye hiyo kompyuta ya pili, na jambo zuri ni kwamba linaweza kuthibitishwa leo hii, bila fundi.

Windows, yaani mfumo unaoendesha kompyuta hiyo, ikiona waifai huchukulia kuwa intaneti ni maji ya mfereji yasiyo na mita. Haijui kwamba nyuma ya ruta yako kuna laini ya simu na bando ulilolinunua kwa pesa. Kwa hiyo inajishushia masasisho, yaani zile apdeti, bila kukuuliza. Kompyuta iliyokaa dukani miezi kadhaa ina deni: toleo jipya la mwaka la Windows, ambalo peke yake linaweza kufika GB kadhaa, sasisho la usalama la mwezi, ambalo kwa Windows 11 za karibuni huweza kupita GB 1, madereva ya vifaa (programu zinazoviendesha), na programu zote za Microsoft Store, duka la programu la Windows. Juu ya hayo, mkiingia kwa akaunti ya Microsoft, OneDrive, hifadhi yake ya mtandaoni, inaweza kuanza kupandisha picha na nyaraka zenu mtandaoni. Nafasi yake ya bure ni GB 5, na kupandisha kunakata bando sawasawa na kushusha.

Kuhusu kasi, watu wengi hawaamini mpaka wapige hesabu. Laini inayokimbia megabiti 10 kwa sekunde inapitisha MB 1.25 kila sekunde, yaani GB 4.5 kwa saa. Kwa kasi hiyo GB 20 zinamalizika kabla ya muda wa saa tano kutimia. Usiku mmoja unatosha.

Kuna jambo la kalenda pia. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa 2 usiku, au saa 3 wakati kwao ni majira ya baridi: watu wametoka kuswali Isha, na kompyuta ziko wazi. Angalia bando lako lilikwisha tarehe gani. Ikiwa ni wiki ile ile, umepata ushahidi wa kwanza.

Ushahidi wa pili uko ndani ya kompyuta yenyewe. Kwenye Windows 11 fungua "Settings", ingia "Windows Update", kisha "Advanced options", kisha "Delivery Optimization", na mwisho "Activity monitor". Hapo utaona duara na tarakimu: tangu mwezi uanze zimeshushwa GB ngapi kutoka Microsoft, na chini yake zimepandishwa ngapi kwenda kompyuta nyingine. Kwenye Windows 10 njia inaanzia "Update & Security". Andika namba za kompyuta zote mbili kwenye karatasi, ujumlishe. Kisha fungua "Data usage" ndani ya mipangilio ya mtandao uone programu moja moja, maana "Activity monitor" haihesabu OneDrive wala kivinjari.

Jumla ikiwa ndogo mno kulinganisha na GB 20, hapo ndipo tunaanza kumfikiria mtu wa nje. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Usichokijua, kitoe kwa kubadilisha neno la siri. Ni kama kumtafuta mla uniti kwenye nyumba ya tukuza, umeme wa kulipia kabla: unazima kimoja kimoja mpaka mita itulie.

Sasa dawa. Kwenye kila kompyuta fungua "Settings", "Network & internet", "Wi-Fi", ubonyeze sifa za mtandao wenu, kisha washa "Metered connection". Maana yake unaiambia Windows: mtandao huu una mita. Tangu hapo masasisho makubwa yatasubiri ruhusa yako, programu za Store zitaacha kujishusha zenyewe, na OneDrive husimama ikakuarifu. Rudi kwenye "Advanced options" za Windows Update uhakikishe kuwa "Download updates over metered connections" imezimwa. Ikiwa imewashwa, kazi yote ya juu ni bure.

Mambo matatu huharibu dawa hii, nasi tungependa uyajue mapema. La kwanza, alama ya mita imefungwa kwenye jina la waifai. Ukibadilisha jina la ruta, ukanunua ruta nyingine, au binti akaunganisha kwenye simu yako, Windows inaona mtandao mgeni na inarudi kwenye tabia yake. La pili, ukichomeka simu au modemu kwa waya wa USB, Windows huuhesabu kuwa mtandao wa waya, "Ethernet", na huo una alama yake peke yake. Uiwashe huko pia. La tatu, yapo masasisho machache ambayo Microsoft huyaona ya lazima, nayo hupita hata penye mita. Ni kidogo ukilinganisha na yaliyokupata, usishtuke.

Zaidi ya hayo, ndani ya "Data usage" unaweza kuweka kikomo cha mwezi, tuseme GB 8 kwa kila kompyuta, ikupe onyo unapokaribia. Halafu chagua mwenyewe siku ya kushusha. Kama mtandao wako unauza bando la usiku kwa bei nafuu, nunua, zima alama ya mita, bonyeza "Check for updates", acha kompyuta kwenye chaji, na asubuhi uirudishe alama. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya ile Jumanne ya pili. Kabla ya toleo kubwa la mwaka hakikisha diski ina GB 20 tupu. Diski ikijaa usakinishaji unashindwa, Windows inajaribu tena baadaye, na bando linaweza kuliwa mara mbili kwa kazi ambayo haikukamilika.

SWALI
Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 12 za Windows 11 na ruta moja. Kila mwezi kila mashine inashusha sasisho lile lile peke yake. Hakuna njia ya kushusha mara moja tu?
Mwalimu wa kompyuta, Micheweni

JAWABU
Ipo, Mwalimu, tena imo ndani ya Windows. Ni ile ile "Delivery Optimization" tuliyoitaja juu. Washa "Allow downloads from other devices", kisha chagua vifaa vya mtandao wa ndani pekee, "Devices on my local network". Usichague ile yenye neno "internet": hiyo inaruhusu mashine zako kuwapandishia watu msiowajua, na bando la skuli litaondoka kwa njia hiyo.

Utaratibu ni huu. Siku ya kusasisha ondoa alama ya mita kwenye mashine zote. Anza na moja tu, imalize kushusha na kusakinisha. Kisha fungua nyingine tatu au nne; hizo zitachota sehemu kubwa kutoka kwa ile ya kwanza kupitia ruta, bila kugusa bando. Endelea hivyo mpaka zote. Sasisho la GB 1 lingekula GB 12. Kwa njia hii utakaribia GB 1 na ziada kidogo, kwa sababu vipande vidogo bado hutoka Microsoft.

Isipofanya kazi, chunguza haya. Mashine yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) chini ya GB 4 haishiriki kugawa. Kompyuta mpakato inayotumia betri haigawi chochote, kwa hiyo zichomekeni zote. Faili zilizoshushwa hutunzwa siku 3 tu kwa kawaida, basi usianze Jumatatu ukamalizia Ijumaa. Na ikiwa mmeunganisha kwenye waifai ya wageni, ruta nyingi huzuia vifaa vya humo visionane.

Umeme ukiwa hautabiriki, au mashine zikikataa kuonana, beba sasisho kwa mkono. Tazama kwenye "Update history" namba ya sasisho inayoanza na KB, itafute kwenye catalog.update.microsoft.com, shusha faili inayolingana na toleo lenu, mara nyingi yenye x64, kisha izungushe kwa flashi. Ukikuta faili zaidi ya moja chini ya namba hiyo, zichukue zote uziweke folda moja. Flashi iwe imefomatiwa kwa mpangilio wa exFAT au NTFS. Flashi nyingi hufika na FAT32, ambayo haipokei faili inayozidi GB 4, na ujumbe wake wa kosa huwafanya watu wadhani flashi imejaa.

SWALI
Fundi mmoja alinizimia huduma ya Windows Update moja kwa moja, akasema ndiyo suluhisho la bando. Mbona baada ya wiki mbili imejiwasha? Niizime tena?
Kijana wa Jang'ombe, Unguja

JAWABU
Usiizime. Imejiwasha kwa sababu Windows ina sehemu nyingine zenye kazi ya kuikarabati huduma hiyo inapokutwa imezimwa, na zimewekwa kwa sababu ya msingi. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mmoja wa mtandao. Tarehe 12 Mei mwaka huo kirusi cha WannaCry kilipita kwenye ufa ule ule duniani kote, kikafunga faili za watu na kudai pesa, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Waliokuwa wamesasisha kompyuta zao, ufa huo kwao ulikuwa umekwishazibwa, na walikuwa na miezi miwili ya kufanya hivyo. Tunalisisitiza hili kwa sababu flashi za kuazimana zimejaa kila ofisi na kila skuli hapa kwetu, na kompyuta isiyosasishwa hubeba ugonjwa hadi kwa mwenzako.

Unachokihitaji ni kuahirisha. Ndani ya Windows Update kuna "Pause updates", inayokuruhusu kusimamisha hadi wiki 5. Ikimalizika itakulazimu usasishe ndipo usimamishe tena. Itumie pamoja na alama ya mita. Kama yako ni Windows 10, muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiona kitufe cha kuhamia Windows 11, usikibonyeze ukiwa na bando la siku. Ni GB kadhaa kwa mkupuo.

KWA UFUPI
Wengi mmeuliza kuhusu simu zinazotumia waifai ya nyumbani, nazo zina tabia hiyo hiyo. Kwenye Android shikilia jina la waifai, ingia kwenye sifa zake, tafuta neno "Metered" uchague iwe na mita. Kwenye baadhi ya simu limefichwa chini ya "Advanced". Kwenye iPhone bonyeza alama ya i pembeni ya jina la waifai, washa "Low Data Mode". Play Store ina mpangilio wake wa kusasisha programu, na ule usemao "Over Wi-Fi only" ndio unaomaliza bando la ruta: ubadilishe kuwa "Don't auto-update apps", halafu sasisha mwenyewe programu ya benki na WhatsApp kabla ya nyingine.