Utazame mkono kwanza, karatasi baadaye

Mwalimu mwenzangu unayeanza na watoto wa miaka mitatu hadi sita, kazi ya kufuatisha maneno utaikuta inakusubiri: karatasi zenye maneno ya nukta, na mtoto anapitisha penseli juu yake. Ni kazi nzuri, nami naitumia mpaka leo. Ila mwanzoni niliitumia vibaya. Nilikuwa nagawa karatasi, nakusanya, naweka alama ya vema, nagawa nyingine.

Aliyenifumbua macho ni mtoto mmoja wa miaka mitano, mwenye karatasi safi kuliko wenzake wote. Neno "tatu" alilifuatisha mistari saba bila kutoka nje ya nukta. Siku moja nikampa karatasi tupu, nikamwambia aniandikie neno lile lile. Akaishika penseli, akanitazama, hakuandika kitu. Nikarudisha karatasi ya nukta, nikaketi karibu naye. Hapo ndipo nilipoona: herufi a aliianzia chini mkiani, akapanda, akainua penseli, akaja kulifunga duara kutoka upande wa pili. Alikuwa anaunganisha nukta tu, hajui kama pale pana herufi. Nilikuwa nimesahihisha kazi zake kwa majuma mengi na sikuwahi kumwona akiandika.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba: mtoto anapofuatisha, uwe pale. Angalia anaanzia wapi, anaelekea wapi, anainua penseli mara ngapi. Watoto wakiwa wengi, keti na watatu leo na watatu kesho.

Pili, ujue mkono wenyewe ulivyo. Mtoto anazaliwa mifupa minane ya kifundo cha mkono ikiwa bado gegedu, yaani laini na haijawa mfupa, na inakomaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Wa mwisho kwa kawaida huanza kuwa mfupa kati ya miaka 8 na 12. Nguvu nayo hushuka kutoka begani, ikaja kiwikoni, kifundoni, ndipo vidoleni. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitatu huchora kwa mkono mzima. Usimwone mzembe. Mpe ubao uliosimama au karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani achore akiwa wima, mpe udongo wa kufinyanga, shanga za kutunga, vibanio vya nguo vya kubana na kuachia. Hayo yote ni maandalizi ya kuandika, hata kama hakuna herufi inayoonekana.

Krayoni fupi, kipande cha urefu wa kidole gumba cha mtoto, hufanya kazi kuliko maelezo yoyote. Kiganja hakipati pa kuishika, basi gumba, kidole cha shahada na cha kati vinalazimika kuichukua vyenyewe. Penseli ndefu nyembamba iache kwanza.

Sasa maneno. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapokosea bila kujua. Watoto kwa kawaida huweza kunakili mduara wakikaribia miaka mitatu, msalaba karibu na minne, na mistari ya mshazari, yaani iliyolala upande, inayokatana karibu na mitano. Herufi k, v, w, y na z zimejengwa kwa mshazari. Hivyo "kaka", neno tunalopenda kuanza nalo kwa kuwa ni fupi na mtoto analijua, ni gumu kwa mkono mchanga. "Dada" ni jepesi zaidi. Herufi d na a zote huanza na mwendo mmoja: unaanzia juu, unazunguka kinyume cha saa, unapanda, unashuka. Mtoto akishaupata mwendo huo, neno zima ni kuurudia. Linganisha na "baba": b inaanza kwa kushuka wima kisha inazunguka kufuata saa, halafu a inageuza mwelekeo, halafu b inaugeuza tena. Mkono unabadili njia kila herufi. Mimi huanza na dada, taa, tatu, ua. Baba huja baadaye, na sifundishi b na d juma moja.

Kabla ya penseli, kidole. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto jijini Roma mwaka 1907, aliwapa herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole huku wakitamka sauti yake. Sinia la mchanga mkavu linatosha pia. Mwambie mtoto aseme mwendo anaoufanya: "zunguka, panda, shuka." Mdomo unausaidia mkono kukumbuka.

Ukifika kwenye karatasi, nukta zipunguze haraka. Mstari wa kwanza neno zima la nukta, lenye alama ya pa kuanzia. Wa pili nukta chache. Wa tatu alama ya kuanzia tu. Wa nne mtupu. Karin James na Laura Engelhardt, katika utafiti waliochapisha mwaka 2012, walipima ubongo wa watoto wa miaka mitano ambao hawajajua kusoma. Sehemu zinazotumika kusoma ziliamka zaidi mtoto alipoona herufi alizojifunza kwa kuandika kwa mkono huru kuliko alizofuatisha au kubofya kwenye kibodi. Mstari ule mtupu, pamoja na upotofu wake wote, ndio wenye faida kubwa.

Yule mtoto wa "tatu" tulimrudisha mchangani. A yake ya kwanza kwenye karatasi tupu ilikuwa kubwa kama kiganja na imeegemea upande, lakini aliianzia juu.

Dakika tano hadi kumi kwa siku zinatosha. Akianza kukandamiza hadi karatasi inachanika, au kushikilia mkono mmoja kwa mwingine, amechoka, mwache. Miguu iguse sakafu au kitu imara. Anayetumia mkono wa kushoto mgeuzie karatasi ilale kuelekea kulia, na mfano wa neno uuweke juu ya mstari, maana ukiwa upande wa kushoto mkono wake unaufunika.

Wazazi watataka kuona daftari lililojaa. Mwalike mzazi aje akae dakika tano amtazame mwanawe akiandika neno moja bila nukta. Na ukiona mtoto amepita miaka sita, umemsaidia kwa miezi kadhaa, naye bado anashika kwa ngumi au analalamika mkono unauma, zungumza na mzazi wampeleke kwa mtaalamu wa afya ya watoto. Mpe mzazi karatasi tatu nne za kazi aliyoiandika mtoto bila nukta, na uandike pembeni jinsi anavyoishika penseli na dakika anazoweza kuvumilia.