Dawa ilishaachishwa, mbona homa na upele vimerudi?

Ndugu, poleni sana. Umesema mdogo wako alianza kabamazepini ya kifafa, wiki ya tano akapata homa na upele, dawa ikasimamishwa, akapata nafuu, na sasa wiki mbili baadaye uso umevimba upya. Mnashuku anameza dawa kwa siri. Nawaomba mwacheni. Mimi nilishukiwa hivyo hivyo na daktari, macho yamefumba kwa uvimbe, na mpaka leo linaniuma.

Dawa yangu ilikuwa fenitoini, nayo ni ya kifafa. Madaktari huuita ugonjwa huu DRESS, yaani mwili kuikataa dawa kwa ukali, ngozi na viungo vya ndani vikaumia. Hauji papo hapo kama mizio mingi. Huchelewa, kwa kawaida wiki 2 hadi 8 tangu dawa ianze. Tezi huvimba, eosinofili, aina ya chembe nyeupe, hupanda kwenye damu, na ini huumia. Watu hufa nao, hasa ini likishindwa.

Bingwa wa ngozi ndiye aliyenieleza kwa nini ulirudi. Aliniuliza kama naujua mkanda wa jeshi. Tetekuwanga ya utotoni ikipona, virusi vyake havitoki. Hujificha kwenye neva, na miaka mingi baadaye huamka. Vipo vingine, virusi vya hepesi aina ya 6, ambavyo karibu kila mtu huvipata kabla ya kutimiza miaka 3 na kubaki navyo. Kwenye DRESS huamka, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu tangu upele uanze, na huweza kufuatwa na jamaa zao, kama virusi vya Epstein-Barr. Wajapani waliliripoti hili mwaka 1998. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walikuta chembe za kinga za wagonjwa zikivishambulia virusi vya Epstein-Barr. Kwa hiyo dawa huwasha moto, lakini ukishawaka hauhitaji tena kidonge. Si kila mgonjwa huonekana na virusi hivyo, ila kwangu vilipimwa vikakutwa.

Jambo jingine ni prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe na kinga. Kama anaitumia, ulizeni inapunguzwaje. Yangu ilishushwa haraka na homa ikarudi ndani ya siku 4; mara ya pili tulishuka taratibu kwa miezi. Ombeni apimwe damu kamili, ini na figo, tena na tena. Baadaye tezi ya thairoidi iliyo shingoni na sukari pia, maana huweza kuharibika miezi kadhaa baada ya kupona.

Kifafa kisiachwe bila dawa, ila asipewe fenitoini wala fenobabitoni. Ni ndugu wa kabamazepini. Mimi nilihamishiwa levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa. Majina ya dawa zilizokatazwa ninayo kwenye pochi, nimeyaandika kwa wino mwekundu.

Macho yakigeuka manjano, au akihema kwa shida, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni usiku huohuo. Majibu ya ini yakitoka, niandikie hapa.