Msimbo wa jicho lisilofunga

Swali: Ndugu mtaalamu, ninatunza kumbukumbu za wagonjwa katika kliniki ya macho mjini Moshi. Daktari ameandika kwamba jicho la kulia la mgonjwa linawasha na ni jekundu kwa sababu kope hazifungi tangu alipopooza uso. Intanetini nilipata msimbo wa ugonjwa H16.211, lakini mfumo wetu wa madai unaukataa. Je, niweke H04.1 ya macho makavu?

Jibu: Usiweke H04.1, kwa kuwa huo ni msimbo wa matatizo ya tezi ya machozi, na daktari hakutaja tatizo lolote la tezi. Niliwahi kushika faili hapa Arusha lililoandikwa macho makavu mara tatu mfululizo, ilhali ndani yake imeelezwa wazi kwamba mgonjwa hubandika plasta usiku ili jicho lifunge.

H16.211 ni msimbo wa toleo la Marekani la ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa), lililoanza kutumika huko Oktoba 2015, ambalo huongeza tarakimu ili kutofautisha jicho la kulia na la kushoto. Katika ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani msimbo unaishia H16.2, yaani uvimbe wa konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) pamoja na utando unaofunika weupe wa jicho, ukiwemo ule unaoletwa na jicho kubaki wazi. Upande utauandika kwa maneno kwenye utambuzi.

Hata hivyo, usiuandike bado. Kuwasha na wekundu ni dalili tu, na si kazi yetu kuzigeuza ugonjwa. Mrudishie daktari faili, umuulize alichokiona kwenye konea baada ya kuweka fluoresini, rangi inayoonyesha palipochubuka. Kwa kawaida vidoa hukaa sehemu ya chini, kwa sababu mtu anapojaribu kufumba, mboni huviringika kwenda juu na sehemu ile ya chini ndiyo inayobaki ikipigwa na hewa. Akithibitisha uvimbe huo, H16.2 utangulie, kwa kuwa ndio uliotibiwa siku hiyo, ukifuatiwa na H02.2 wa kope kutofunga. Akikuta kidonda cha konea, msimbo ni H16.0. Konea ikiwa safi, H02.2 ndio utakaotangulia.

G51.0, msimbo wa kupooza uso, ukiwemo ule wa Bell (unaotokea ghafla bila chanzo kujulikana), uongeze pale daktari anapoandika kupooza huko bila kutaja chanzo kingine. Kama chanzo ni kiharusi au ukoma, msimbo wa chanzo hicho ndio unaotakiwa.