Baiskeli ya mlima: niifufue au ninunue ya mtumba?

SWALI: Shikamoo fundi. Nakaa Ipogolo, kibarua changu kiko Kihesa. Nina baiskeli ya gia ya zamani, rimu 26, gia zinaruka kila nikipanda kwenda mjini na shokapu za mbele zimekufa. Nitengeneze au ninunue mtumba? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba. Kile kilima cha kwenda mjini nakijua, gia mbovu kitakuonyesha mapema sana. Kwanza angalia fremu, ifute matope halafu chunguza kwenye maungio ya kulehemu, pale shingoni na chini kwenye pedeli, ukiona ufa ishia hapo hapo usitoe hata mia. Kama nzima, pima cheni kwa rula: weka sifuri kwenye pini moja, inchi 12 inatakiwa iangukie kwenye pini nyingine kamili, pini hiyo ikizidi kwa 1/8 ya inchi cheni imevutika, na hapo ukibadili cheni tu bila sproketi za nyuma (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni) gia zitaendelea kuruka maana meno yashalika. Waya za gia na breki wala usiwaze, badili tu. Shokapu ndo pesa ilipo, mi ningetoa niweke foku ngumu, yaani isiyo na shokapu, baiskeli inapungua uzito pia.

Mtumba sikatai, ila nayo utakuta cheni imechoka, breki zimeisha, unatengeneza vile vile. Tairi za inchi 26 kama zako zipo bado, za 29 kwa mafundi wa mtaani ni kuhangaika. Andika vipuri vyote na bei, vikizidi bei ya mtumba nzima, nunua, ila uipandishe mlima kwanza ndo utoe hela.