Kwenu mnaotumwa kufungua tawi: cheti ni cha ukuta gani?

Juzi nimeletewa mezani rasimu ya zabuni ya kanda mpya, ya kazi yetu ileile ya kuziba matundu ya mabomba na nyaya ukutani ili moto na moshi visipite. Jedwali la matundu limepangika, bei zimekaa vizuri, hata nembo imeng'arishwa. Nikafungua viambatisho, nikakuta cheti kilekile cha jaribio la moto la huku kwetu, kimepigwa skani mpaka muhuri umegeuka doa. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Doa lilikuwa palepale.

Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha. Kosa hili lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

1. Soma viwango vya huko kabla hujatafuta ofisi ya kupanga. Mliozoea EI 120, daraja la Ulaya la kuzuia moto na joto kwa dakika 120, mkifika penye UL 1479, kiwango cha Marekani, mtakuta F (saa za kuzuia moto) na T (saa za kuzuia joto), na hizo mbili haziendi pamoja kila mara. Kizibo kinaweza kupata F ya saa 2 na T ya sifuri, kwa sababu moto haukupita lakini bomba la chuma limebeba joto hadi upande wa pili. Tena huko sampuli ikitoka tanurini hupigwa maji ya mpira wa zimamoto, jambo ambalo EN 1366-3, kiwango cha Ulaya cha jaribio, haidai. Kwa hiyo usimwambie mkaguzi "ni kitu kilekile". Atakuandika.

2. Ukuta. Hapa naomba mnivumilie.

Miaka hiyo nilikuwa na kiburi cha mtu ambaye hajawahi kukataliwa kazi. Tulikotoka, kuta zote zilikuwa za tofali na zege, na ripoti yetu ya jaribio ilikuwa ya ukuta mgumu wa mm 150. Pamba ya mawe iliyopakwa, mastiki ya kuzibia nyufa pembeni, lebo, picha, tundu linalofuata. Kanda mpya walikuwa wanajenga kwa jipsamu bodi. Niliona. Shikeni hilo: niliona. Siku ya kwanza niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu, nikacheka na kuwaambia mafundi kwamba hawa wanajenga kwa karatasi. Kisha nikawapa mastiki waanze kazi. Kichwani mwangu ukuta wa saa 2 ulikuwa ukuta wa saa 2, basi.

Tuliziba ghorofa 4, matundu zaidi ya 200. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mpole, na tochi yake na kisu kidogo. Mastiki hakuigusa. Aliinama kwenye lebo, akasoma namba ya ripoti, akaniuliza, "Kaka, hiki cheti ni cha ukuta gani?"

"Wa saa 2, mama."

"Sijauliza saa. Nimeuliza ukuta."

Akachagua tundu moja la trei ya nyaya, akakata kizibo, akamulika. Kati ya bodi ya huku na ya kule palikuwa na uwazi mtupu, hatukuwa tumeweka fremu kuzunguka tundu. Moshi na moto vikiingia humo vinatembea ndani ya ukuta vitakavyo. Ripoti ya ukuta mwepesi, kama ule wa bodi, huweza kufunika ukuta mgumu wa unene huohuo au zaidi. Ya ukuta mgumu haifuniki ukuta mwepesi. Maneno hayo yalikuwemo kwenye ripoti yetu wenyewe, sehemu ya mipaka ya matumizi, kurasa ambazo nilikuwa naziruka kama watu wanavyoruka dibaji.

Tukabandua yote. Wiki tatu. Mastiki iliyokauka haitoki kwa upole. Unakata, unakwangua, bodi inamomonyoka, tundu la sentimita 20 linakuwa la 30, na mkandarasi mkuu amesimama nyuma yako anahesabu bodi za kukudai. Fundi wetu mmoja mtu mzima, aliyeziba mengi ya matundu yale kwa mkono wake, alikata siku nzima bila kunitazama. Jioni akaniuliza tu, "Bosi, hukujua?"

Nikamwambia sikujua.

Hasara kampuni ililipa ikaisha. Uongo ule bado ninao.

3. Rangi ya kuvimba, ile inayofura kwa joto kukinga chuma: pima unene wake kwa mikroni kwenye kila nguzo, maana nguzo nyembamba inataka rangi nene zaidi, na usipake kama chuma hakijazidi joto la umande, lile ambalo unyevu wa hewa hugeuka maji, kwa angalau nyuzi 3.

4. Piga picha kabla dari haijafungwa.

5. Povu la kuzibia fremu za milango si kizibo cha moto, hata kama ni jekundu. Tanuri la jaribio la ISO 834, kiwango cha kimataifa, linafika nyuzi 945 kwa saa moja. Povu la kawaida halingoji hata mkoroge chai.

6. Fundi umeme si adui yako. Mwachie nafasi ya nyaya za kesho, la sivyo ataitafuta mwenyewe. Mmoja alitoboa kizibo changu kizuri kuliko vyote kwa bisibisi, akapitisha waya mmoja mwembamba, lebo ya "usitoboe" ikaanguka. Aliibandika tena, kwa heshima kabisa, ikakaa sawa kuliko nilivyoibandika mimi.

7. Mteja mgeni atakuuliza tundu la ghorofa ya juu linahusu nini ikiwa moto uko chini. Mtajie hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, Novemba 1980. Moto ulikuwa chini, watu 85 wakafa, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu. Moshi ndio uliowafuata, kwa njia za lifti, ngazi na maungio ya jengo. Ukishasema hivyo nyamaza, usianze kutangaza bidhaa.

Rasimu nimeirudisha jana. Sikuandika maelezo, nimeweka swali moja tu kwa penseli pembeni ya cheti: cha ukuta gani?

Asubuhi hii nimepata jibu la kijana. "Wa saa 2, mkuu."