Antivairasi inayogoma kutoka kwenye Windows

Sheikh, ikiwa antivairasi inagoma kutoka, usiifute folda yake kwa mkono. Antivairasi hujilinda makusudi ili virusi visiizime, ndiyo maana Windows inakwambia huna ruhusa, ilhali kompyuta ni yako. Ingia tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, ushushe kifutio chao wenyewe, yaani programu ya kuitoa. Avast wana Avast Clear, McAfee wana MCPR, vyote bure. Usikichukue kwengine, utatoa moja uingize tatu.

Hicho cha Avast kinataka Safe Mode, yaani Windows iwake na vitu vya lazima tu: shikilia Shift huku unabonyeza Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu ubonyeze 4. Lakini kabla ya hapo andika BitLocker (kufuli ya Windows inayoficha data za diski) kwenye Start uone kama imewashwa. Ikiwa imewashwa, njia hiyo inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na kama laptop ni ya mtumba wa Darajani, sokoni Zanzibar, ufunguo huenda anao mwenyewe wa mwanzo huko Ulaya. Hapo Windows ikikataa kuwaka bila ufunguo, data zako ndio basi tena. Mafundi wengi hawalitazami hili, na laptop za namna hiyo naletewa sana hapa kazini.

Wapo wanaosema kila programu sugu itolewe kwa Safe Mode, sivyo. Zinazotumia Windows Installer (huduma ya Windows ya kuweka na kutoa programu) humo hazitoki, huduma yake huwa imezimwa. Hizo zitoe Windows ikiwa imewaka kawaida.

Chaji ijae kwanza, umeme wetu unaujua. Ukishaitoa antivairasi na kuiwasha upya kompyuta, Defender, antivairasi ya Windows, itajiwasha yenyewe.